Picha Moja, Wazazi Watatu: Ugomvi wa MRI Kortini na Nje ya Korti

Oktoba 2003, wasomaji wa New York Times na Washington Post walifungua gazeti wakakutana na tangazo la ukurasa mzima. Halikuwa la gari wala la benki. Lilikuwa malalamiko. Juu kulikuwa na picha ya nishani ya Nobel imepinduliwa kichwa chini, na chini yake maelezo marefu kwamba kuna mtu amedhulumiwa, na kwamba wakubwa wa Stockholm bado wana nafasi ya kurekebisha mambo.

Mtu huyo alikuwa Raymond Damadian, daktari wa New York. Siku chache kabla, tarehe 6 Oktoba, Tuzo ya Nobel ya Tiba ilikuwa imetangazwa kwa kazi iliyozaa mashine ya MRI. Washindi walikuwa wawili: Paul Lauterbur wa Marekani na Peter Mansfield wa Uingereza. Kanuni za Nobel zinaruhusu tuzo moja kugawanywa kwa watu hadi watatu. Yaani kiti cha tatu kilikuwepo, na kikaachwa wazi. Hicho kiti kitupu ndicho kilichomuuma Damadian kuliko kama wangekuwa wameshinda watatu na yeye akawa wa nne.

Cha kushangaza ni kwamba miaka sita kabla ya hapo, Damadian alikuwa ameshinda mahakamani. Tena si ushindi wa kubahatisha: kampuni kubwa kuliko karibu zote duniani ilikuwa imemlipa dola milioni 128.7. Sasa mtu ambaye sheria imempa haki yake na chapaa juu, analilia nini gazetini?

Ili kujibu hilo inabidi turudi nyuma, hadi kwenye kampuni ndogo ambayo watu wengi hawajawahi kuisikia.

Panya wa New Kensington

Kwanza, tuelewe mashine yenyewe. Mwili wako ni maji kwa sehemu kubwa, na ndani ya maji kuna haidrojeni. Kiini cha kila atomu ya haidrojeni ni kama kasumaku kadogo sana. Ukilaza mtu ndani ya sumaku kubwa, hivyo visumaku vinajipanga. Ukivirushia mawimbi ya redio, vinayumba. Ukizima mawimbi, vinarudi mahali pake polepole, na vikirudi vinatoa mlio hafifu wa redio ambao antena inaweza kuunasa. Hakuna mionzi kama ya eksirei. Wanafizikia walijua jambo hili tangu miaka ya 1940, na wanakemia walilitumia kila siku kuchunguza vitu kwenye vichupa. Hakuna aliyefikiria sana kumwingiza binadamu mzima.

Damadian alifikiria. Alizaliwa 1936 katika familia yenye asili ya Armenia, akasomea fidla katika shule ya Juilliard kabla ya kugeukia udaktari. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa mwalimu katika chuo cha tiba cha serikali ya jimbo huko Brooklyn. Dhana yake ilikuwa hivi: maji ndani ya uvimbe wa saratani hayakai sawa na maji ndani ya nyama nzima, kwa hivyo muda ambao vile visumaku vinachukua kutulia lazima utofautiane. Alihitaji kifaa cha kupima. Hakuwa nacho.

Kifaa kilikuwa New Kensington, mji mdogo karibu na Pittsburgh, kwenye kampuni iliyoitwa NMR Specialties. Kampuni hii iliunda na kuuza vifaa vya kupima huo mlio wa atomu. Juni 1970 Damadian alifunga safari kutoka Brooklyn na panya wake, wengine wazima, wengine wenye uvimbe, akapima. Tofauti ilikuwepo. Machi 1971 matokeo yakachapishwa katika jarida la Science. Mwaka uliofuata akaomba hataza, ile hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake kwa miaka kadhaa. Akaipata Februari 1974.

Wakati huohuo, kampuni ile ilikuwa inayumba kifedha. Mmoja wa wajumbe wa bodi yake alikuwa mwanakemia wa Stony Brook, chuo kingine cha serikali ya jimbo lilelile la New York. Kiangazi cha 1971 akaombwa ashike usukani kwa muda ili kampuni isizame. Jina lake Paul Lauterbur.

Hebu simama kidogo hapo. Damadian na Lauterbur hawakuwa wabia kwa maana ya sheria. Hawakuwahi kusaini mkataba wowote wa pamoja. Lakini mwajiri wao wa juu alikuwa mmoja, na kampuni iliyompa Damadian kifaa cha kupimia ndiyo hiyo Lauterbur alikuja kuiongoza. Walikuwa wanachota maji kisima kimoja. Na hakuna mahali palipoandikwa nani ana deni gani kwa nani.

Daftari na hambaga

Mapema Septemba 1971 mtafiti kijana, Leon Saryan, alifika New Kensington kutoka Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Alikuja kurudia kipimo cha Damadian kwa panya wake mwenyewe, kuona kama kweli. Lauterbur akasimama akitazama. Kipimo kilikubali. Lakini kuna kitu kilimkera: ili upime, ilibidi umchinje panya, ukate kipande cha nyama, ukitie kwenye kichupa. Hospitalini hiyo itasaidia nini? Daktari akishakata nyama, si ataitazama tu kwa hadubini?

Jioni ya tarehe 2 Septemba akaenda kula hambaga kwenye mkahawa wa pale mjini. Katikati ya chakula wazo likamjia. Kama sumaku ikiwa na nguvu zaidi upande mmoja na ikapungua polepole kuelekea upande mwingine, basi kila sehemu ya mwili italia kwa sauti yake. Ukisikiliza sauti, utajua imetoka wapi. Ukijua imetoka wapi, unaweza kuchora picha, na hujamkata mtu wala panya.

Akatafuta daftari, akaandika. Kisha akampa mwenzake wa kazi asome na atie sahihi kama shahidi, na tarehe. Hiyo sahihi ndiyo inayotuwezesha leo kutaja siku yenyewe.

Mwaka 1973, baada ya kukataliwa mara ya kwanza, makala ya Lauterbur ilitoka katika jarida la Nature. Picha yake ilikuwa ya vichupa viwili vyembamba vya maji. Ukiitazama leo utaona madoa mawili tu. Lakini ilikuwa picha. Na kwenye orodha ya kazi alizozitaja mwishoni mwa makala, ile ya Damadian haikuwepo. Alitaja utafiti wa watu wengine kuhusu uvimbe wa panya uliokuja baada ya Damadian, lakini yule aliyeanza hakutajwa.

Watu wanaobishana kuhusu MRI hadi leo wanarudi kwenye hiyo nafasi tupu. Upande wa Damadian unasema hapo ndipo wizi ulipoanza. Upande wa Lauterbur unasema kupima nyama kwenye kichupa ni jambo moja na kutengeneza picha ni jambo lingine, na la pili halikutoka kwa Damadian. Ukiniuliza mimi, pande zote mbili zina hoja, lakini sioni ni kwa nini Lauterbur alishindwa kuandika mstari mmoja. Mstari mmoja tu! Haungempunguzia kitu.

Kuna kingine ambacho Lauterbur hakupata: hataza. Aliuomba uongozi wa chuo chake uchukue hatua, na jibu likawa kwamba uvumbuzi huo hautarudisha hata gharama za maombi. Naam, MRI. Huko Nottingham, Mansfield, ambaye alifikia wazo la picha kwa njia yake na baadaye akapata hesabu za kuifanya itoke kwa haraka, yeye alijiandikishia zake.

Kwa hivyo hali ikawa hivi: mwenye wazo la picha hakuwa na karatasi, na mwenye karatasi hakuwa na njia nzuri ya picha.

Isiyoshindika

Damadian hakungoja mtu. Yeye na wanafunzi wake wawili, Michael Goldsmith na Lawrence Minkoff, waliunda mashine kwa mikono yao Brooklyn, wakizungusha waya wa sumaku maili kwa maili. Wakaipa jina Indomitable, yaani isiyoshindika. Mei 1977 Damadian akaingia mwenyewe ndani. Hawakupata kitu. Wakaamua pengine yeye ni mnene mno kwa antena yao, na Minkoff, aliyekuwa mwembamba, akakubali kukaa. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Julai 1977, baada ya karibu saa tano za kumsogeza kidogokidogo, walikuwa na nukta 106 za kifua chake. Hiyo ndiyo picha ya kwanza ya MRI ya mwili wa binadamu mzima akiwa hai. Mashine yenyewe ilikuja kuchukuliwa na makumbusho ya Smithsonian.

Mwaka 1978 Damadian akaanzisha kampuni, Fonar, na kufikia 1980 alikuwa anauza mashine. Lakini njia yake ya kupima nukta moja kisha nyingine ilikuwa ya kobe. Soko likahamia njia ya Lauterbur na Mansfield. Hata Fonar ikahamia. Na majitu yakaingia sokoni: Johnson & Johnson kupitia kampuni yake tanzu Technicare, General Electric, Siemens, Philips, Hitachi, Toshiba. Kila mmoja aliuza MRI. Hakuna aliyemlipa Damadian.

Akaenda kortini.

Hati moja, hukumu mbili

Kesi ya kwanza ilikuwa dhidi ya Johnson & Johnson. Hapa ndipo utaona sheria ya hataza ilivyo na moyo mgumu. Korti haiulizi nani alikuwa wa kwanza kuota ndoto. Inachukua maneno ya hati, neno kwa neno, na kuuliza: je, mashine ya mshtakiwa inafanya hiki kilichoandikwa hapa?

Hati ya Damadian ya 1974 ilizungumzia kupima muda wa kutulia wa nyama inayoshukiwa na kuulinganisha na vipimo vya kawaida vya nyama nzima na ya saratani. Mwaka 1985 juri, wale raia wa kawaida wanaoketi kuamua kesi, ilisema Damadian ana haki. Mapema 1986 jaji akaifuta kauli ya juri. Mwaka 1987 mahakama ya rufaa ikamuunga mkono jaji. Sababu? Mashine za Technicare hazikuwa zikilinganisha na vipimo vyovyote vilivyowekwa. Zilitoa picha, na daktari akaangalia kwa macho mahali palipong'aa na palipofifia ndani ya picha ileile. Kwa hiyo Damadian akatoka mikono mitupu.

Mwaka 1992 akarudi, safari hii dhidi ya General Electric na Hitachi. Hataza ya 1974 ilikuwa tayari imekwisha muda, lakini sheria ya Marekani inaruhusu kudai fidia kwa miaka kadhaa iliyopita. Pia alikuwa na hataza ya pili, ya mbinu ya kupiga picha za mwili kwa pembe tofauti kwa mkupuo mmoja, kitu muhimu sana kwa kuangalia uti wa mgongo. Hitachi ikakubaliana naye kabla ya kesi kusikizwa. GE ikapigana.

Mawakili wake walikuwa wamejifunza. Safari hii walionyesha kwamba unapotengeneza picha ya MRI, unachagua mapema vipindi vya kurusha na kusikiliza mawimbi, na uchaguzi huo unategemea vipimo vya kawaida vya muda wa kutulia ambavyo watengenezaji wanavijua tayari. Kwa maneno mengine, ulinganisho upo, umejificha tu ndani ya mipangilio ya mashine. Mei 1995 juri ikaamua alipwe zaidi ya dola milioni 110. Jaji akapunguza. Februari 1997 mahakama ya rufaa, ileile iliyomkatalia miaka kumi nyuma, ikakubaliana na Damadian kuhusu hati ya 1974 na kumrudishia sehemu kubwa ya fidia ya hati ya pili. Pamoja na riba, GE ikalipa dola milioni 128.7. Kampuni nyingine ziliangalia hiyo risiti, zikaona afadhali kuelewana.

Hati ni ileile. Maneno ni yaleyale. 1987 hayakutosha, 1997 yakatosha. Kilichobadilika ni ushahidi uliowekwa mezani. Anayedhani korti itaona ukweli wenyewe bila kuonyeshwa, aisome kesi hii tena.

Kile ambacho korti haikuweza kutoa

Rudi sasa kwenye lile swali. Kwa nini mtu aliyelipwa hivyo alinunua ukurasa mzima kulia?

Kwa sababu korti ilijibu swali la GE tu: kampuni hii ilitumia mali yako bila ruhusa au la? Haikuulizwa nani ni baba wa MRI, na hata ingeulizwa haina mamlaka ya kujibu. Damadian alichukua hukumu kuhusu mali akaisoma kama hukumu kuhusu heshima. Stockholm waliulizwa swali lingine kabisa: nani alitupa njia ya kutengeneza picha? Kwa swali hilo, Lauterbur na Mansfield walistahili, na hakuna mtu makini anayelipinga.

Lakini kuna swali la tatu ambalo halikuwa na korti wala kamati: nani alikuwa wa kwanza kuona kwamba kuna kitu cha kupigwa picha? Hapo jina la Damadian haliepukiki. Picha ya MRI bila tofauti ya muda wa kutulia kati ya nyama na nyama ingekuwa kijivu kitupu. Ni kweli pia kwamba alizidisha: hakuna kipimo kimoja kinachotenga saratani na nyama nzima kila mara, na kuna wanasayansi waliomkosoa vikali kwa ahadi alizotoa mapema. Serikali ya Marekani yenyewe ilikuwa imepata jibu la busara mwaka 1988, Rais Ronald Reagan alipowapa Damadian na Lauterbur Nishani ya Taifa ya Teknolojia, wote wawili. Kwa siku hiyo moja walitambuliwa pamoja. Halafu kila mtu akarudi upande wake.

Kumbukumbu za kamati ya Nobel hufungwa kwa miaka 50. Sababu ya kile kiti kitupu itasubiri. Lauterbur alifariki 2007, Mansfield 2017, Damadian Agosti 2022. Yeyote atakayesoma faili hizo, hatakuwa mmoja wao.

Na sisi?

Unaweza kusema haya ni mambo ya wazungu na mabilioni yao. Lakini jina la GE linajulikana pia kwenye hospitali zetu. Februari 2015 serikali ya Kenya ilisaini mikataba na kampuni tano kukodi vifaa kwa ajili ya hospitali 98 nchini, na GE ndiyo iliyopewa fungu la vifaa vya picha. Mpango wote ulikadiriwa kugharimu shilingi bilioni 38. Ulikuwa ubia wa pande tatu: serikali kuu iliyosaini, kampuni zilizoleta mashine, na kaunti ambazo zingelipa. Baadhi ya magavana waligoma kutia sahihi mwanzoni, wakisema wanakatwa pesa kwa mkataba wasiouelewa. Makato kwa kila kaunti yalianza kwa shilingi milioni 95 kwa mwaka, yakapanda hadi milioni 200. Seneti iliunda kamati ya uchunguzi, na ripoti yake ya 2020 ilikuwa kali: kaunti hazikushirikishwa ipasavyo, na kuna mashine zilizokaa bure kwa kukosa wataalamu, umeme au chumba.

Kesi hizi mbili hazifanani. Ya Damadian ni ya uvumbuzi, yetu ni ya kodi na matumizi. Zinakutana mahali pamoja tu: watu waliingia kwenye kazi ya pamoja kabla ya kukubaliana nani anatoa nini, nani anapata nini, na nani atatajwa. Kule New Kensington ni kwa sababu hakuna aliyejua kisima kile kingetoa mafuta. Hapa petu ni kwa sababu aliyesaini si aliyekuwa analipa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Huwa tunalisoma kama onyo kwa wafanyabiashara, lakini katika hadithi hii daftari limefanya kazi kubwa zaidi. Sahihi ya shahidi kwenye daftari la Lauterbur ndiyo iliyolinda jina lake, maana hataza hakuwa nayo. Maneno ya hati ya 1974 ndiyo yaliyomlinda Damadian, maana Nobel hakuipata. Kisichoandikwa popote, yaani shukrani ya mtu mmoja kwa kazi ya mwenzake, ndicho kilichowafuata wote hadi kaburini. Leo kuna vijana Nairobi wanaounda programu za kusoma picha za kifua, wanne au watano kwenye chumba kimoja, kila mtu na wazo lake, na WhatsApp ndiyo mkataba wao. Sidhani kama wanahitaji kuogopana. Lakini jioni moja, kabla chapaa haijaingia, wangefanya vyema kukaa na karatasi moja na kalamu, waandike nani alileta nini, na watie tarehe.